Bi Hodi na Kiti cha Mkwewe

Kwa miaka ishirini na saba madalali wa hisa wa mji huu walimwogopa mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kununua wala kuuza hisa hata moja. Hakuwa mwanasheria, hakuwa mhasibu, na chuo kikuu alikiona kwa nje tu, akipita ndani ya basi. Alikuwa karani wa usajili katika mamlaka inayosimamia soko la mitaji. Mimi, niliyefika pale na shahada mbili na suti moja, nilikuwa mkuu wake kwa miaka tisa ya mwisho. Nasema mkuu wake kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa katika barua yangu ya uteuzi. Kuhusu hali halisi sina hakika, na sikuwa na hakika hata wakati ule.

Jina lake walilijua watu wa mishahara. Sisi wengine tulimwita Bi Hodi, kwa sababu ya namna alivyofanya kazi, na ili namna hiyo ieleweke sina budi kueleza kidogo kazi yenyewe.

Mtu anayetaka kununua hisa haendi sokoni mwenyewe. Hupitia kwa dalali, na dalali huyo hushika akiba ya mwalimu, ya muuguzi, ya mjane aliyelipwa mafao ya marehemu mumewe. Kwa hiyo sheria inataka kila kampuni ya udalali isajiliwe, leseni yake ihuishwe kila mwaka, na ndani ya ofisi awepo mtu mmoja anayeitwa afisa mwajibikaji, aliyefaulu mtihani wa mamlaka. Huyu hukaa pale kila siku na kuhakikisha kwamba mteja akisema "uza Jumatatu" haiuzwi Alhamisi. Mtihani wenyewe ni mgumu na wanaofaulu ni wachache. Ndipo ukazuka mtindo wa kukodisha cheti. Mtu aliyefaulu huandikisha jina lake katika kampuni, hupewa bahasha kila mwisho wa mwezi, na ofisini hapo haonekani tena. Kwenye faili yupo, ana picha, ana saini. Ofisini lipo jina lake tu.

Bi Hodi aliwakamata hawa kwa njia isiyomo katika kanuni yoyote. Wakati wa kuhuisha leseni ulipofika, alitoka saa nne asubuhi bila kumwarifu mtu, akiwa na mkoba wake mweusi na mwavuli, akapanda ngazi za kampuni fulani na kuita mlangoni, "Hodi!" Nimesikia kwamba katika baadhi ya ofisi sauti ile iliwafanya wasichana wa mapokezi wasimame kabla hawajajua kwa nini. Hakuomba karatasi. Aliomba kuonyeshwa kiti cha afisa mwajibikaji, akakitazama.

"Bosi," aliniambia katika mwaka wangu wa kwanza, "mtu anayekaa mahali huacha takataka zake. Ndala chini ya meza. Chaja. Makombo ya biskuti kwenye droo. Kalamu iliyotafunwa. Karatasi utazipanga kwa siku moja, lakini kiti utakizeesha vipi kwa siku moja?"

Kampuni moja ilijaribu. Meneja alipomwona akipanda ngazi, alivua koti lake na kulitundika haraka kwenye kiti kilichokuwa wazi. Bi Hodi akaliinua koti kwa vidole viwili, akalipima kwa macho.

"Hili ni koti la mwanamume mwenye tumbo," alisema. "Mwenye cheti ni binti wa miaka ishirini na sita. Kaolewa na hili koti?"

Nilicheka niliposimuliwa, lakini moyoni nilimdharau kidogo. Nilitengeneza fomu ya maswali arubaini na mawili, yenye visanduku vya kuweka alama, nikatangaza kwamba tangu sasa ukaguzi utakuwa wa kitaalamu. Mwaka ule fomu yangu ilipitisha kampuni zote. Bi Hodi akaenda kimya kimya kutazama viti, akaniletea majina matatu. Hakusema neno la kunisuta. Aliyaweka mezani na kuniuliza kama nimekunywa chai.

Alikuwa ameingia mamlaka kama mpiga chapa, wakati ofisi ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitabu, na leseni za kwanza kabisa za nchi zilipita chini ya vidole vyake. Mumewe, fundi wa lifti, alifariki binti yao akiwa na miaka minne. Bi Hodi alimlea katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji, mahali ambapo kuta zilitetemeka mashine zikiwaka, na mtoto alijifunza kusoma kwa mabango yaliyoharibika. Binti yule alikua, akawa mfamasia, akaolewa na kijana wa benki, mpole, mwenye miwani mizito. Kijana alipofaulu mtihani wa mamlaka kwa jaribio la pili, Bi Hodi, ambaye hakujisifu kwa lolote, alituletea soda kreti nzima. "Mkwe wangu," alisema akigawa chupa, "sasa anaweza kukaguliwa na mama mkwe wake." Tulicheka sana. Nakumbuka nilichukua soda mbili.

Kisha benki ikafunga matawi, kijana akaachishwa kazi, na miezi michache baadaye wakazaliwa pacha. Akafungua duka la rangi na mabomba. Tangu hapo Bi Hodi alimwita Baba Pacha, na kwa heshima iliyokuwapo baina yao Baba Pacha hakuwahi kukaa kwenye kochi kabla mama mkwe hajakaa, wala kula mbele yake kabla hajaambiwa mara mbili.

Siku moja, wiki ya mwisho ya kuhuisha leseni, Bi Hodi aliingia ofisini kwangu na kufunga mlango. Hakuwa na desturi ya kuufunga.

"Bosi, hili faili si langu."

"Limepotea njia?"

"Njia halikupotea. Fungua ukurasa wa tatu."

Nilifungua. Ilikuwa kampuni ya wastani, yenye wateja wadogo wapatao elfu nane. Palipoandikwa afisa mwajibikaji palikuwa na picha ya kijana mwenye miwani mizito.

"Huyu si Baba Pacha wako?"

"Ndiye."

"Si anauza rangi?"

"Anauza rangi," alisema. "Na mabomba." Akaniwekea karatasi mezani. "Ndiyo maana nakwambia si langu. Nimeandika, umpe mwingine."

Kanuni iko wazi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiifundisha kwa waajiriwa wapya. Mtumishi hakagui jambo la ndugu yake. Nilipaswa kulichukua faili na kumpa mkaguzi mwingine. Lakini mkaguzi wa pili alikuwa likizo ya uzazi, wa tatu nilikuwa nimempeleka mafunzoni mji mwingine, na mwisho wa kuhuisha ulikuwa Ijumaa. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa karatasi yake: "Endelea. Nakuamini."

Aliisoma akiwa amesimama.

"Bosi, kuniamini si tatizo. Tatizo ni kunituma."

"Bi Hodi, katika jengo hili ni nani atakayekutilia shaka wewe?"

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nililazimishwa na uhaba wa watu. Baadaye nikajiambia kwamba nilitaka kumheshimu. Siku hizi nadhani palikuwa na sababu ya tatu, isiyo nzuri. Nilitaka kuona. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeishi kando ya uadilifu ule usio na shahada, na sehemu fulani ndani yangu ilitaka kujua kama nao una bei.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe, vipande vipande, kwa wiki nyingi, wakati wa chai.

Alikwenda Jumatano. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dawa. Alipoita hodi, meneja alitoka mwenyewe, mikono miwili mbele.

"Mama! Karibu, karibu nyumbani!"

"Nyumbani kwangu ni mbali na hapa. Nionyeshe anapokaa afisa wenu."

"Ametoka kidogo tu, mama. Hata dakika kumi hazijapita."

"Sawa. Nionyeshe alipotoka."

Kiti kilikuwa kipya, cha ngozi, kizuri kuliko cha meneja, na bado kilikuwa na nailoni ya dukani kwenye kikalio na mikononi. Juu ya meza palikuwa na kibao chenye jina la mkwewe kwa herufi za dhahabu. Funguo za droo zilining'inia pamoja na kile kikaratasi zinachouzwa nacho. Bi Hodi alipitisha kiganja juu ya nailoni, ikalia. Hapakuwa na ndala, hapakuwa na makombo.

Meneja akashusha sauti. "Mama, hili si la familia? Tulimalize kifamilia."

"Kifamilia ningekuja na wajukuu," alisema, akafungua mwavuli humo humo ndani ya ofisi, akashuka.

Sasa kuna jambo moja la sheria ambalo lazima msomaji alijue, kwa sababu Bi Hodi alilijua kuliko sote. Afisa anayeondoa jina lake kwa hiari kabla ripoti ya ukaguzi haijapokewa masjala, haadhibiwi. Jina linafutwa, mambo yanaisha. Ripoti ikishapokewa, anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na adhabu ya kukodisha cheti ni kuondolewa katika daftari la usajili kwa miaka mitano, na tangazo gazetini. Kwa kijana mwenye duka la rangi linaloyumba na cheti kimoja tu cha maana maishani, miaka mitano ni mingi. Bi Hodi alikuwa na siku nzima ya Alhamisi kabla ya kulazimika kuwasilisha. Simu moja ingetosha.

Aliwasilisha Alhamisi saa mbili asubuhi, karani wa masjala akiwa hata hajavua kofia ya pikipiki. Ripoti ilikuwa na mistari saba. Mstari wa nne ulisema: "Kiti hakijakaliwa, kina nailoni."

"Kwa nini mapema hivyo?" nilimuuliza.

"Niliogopa mchana," alinijibu. "Ungefika mchana ripoti ikiwa bado mkononi mwangu, ningepiga simu."

Jumamosi binti yake alimfuata nyumbani. Hakukaa.

"Simu moja tu, mama. Moja! Hata ya kubipu."

"Najua."

"Angeandika barua ya kujitoa siku ile ile. Mbona hukupiga?"

"Wale wengine wote niliowaandika, mwanangu, nani aliwapigia?"

"Wale wengine si baba wa wajukuu zako!"

"Ni baba wa wajukuu wa mtu."

"Basi kawalee hao wa mtu," alisema binti, akaondoka. Kwa wiki sita pacha hawakuletwa kwa bibi yao, na Bi Hodi hakuitwa kwenda kuwaona. Alikuja kazini kama kawaida, na kama kawaida aliniuliza kama nimekunywa chai. Nilianza kuona kwamba yeye mwenyewe hanywi.

Kamati ilikaa siku ya Jumanne katika chumba cha mikutano ambacho kiyoyozi chake kilidondosha maji ndani ya ndoo. Wajumbe walikuwa watatu, mwenyekiti akiwa jaji mstaafu mwenye sauti ya taratibu. Kampuni ilileta wakili, naye aliwatetea meneja na Baba Pacha kwa pamoja. Mimi niliketi nyuma ya Bi Hodi, kama mkuu wa kitengo.

Wakili hakuigusa nailoni. Alimgusa aliyeiona.

"Ni kweli kwamba mlalamikiwa huyu amemwoa binti yako wa pekee?"

"Ni kweli."

"Mmewahi kugombana?"

"Mimi na mkwe wangu? Wakili, wewe unagombana na mama mkwe wako?"

Wajumbe walicheka, hata wakili akatabasamu, lakini hakuacha. "Kanuni inasema mtumishi asikague jambo la ndugu yake. Unaijua kanuni hiyo?"

"Naijua."

"Basi kwa nini ulikwenda mwenyewe?"

Bi Hodi aliitazama mikono yake. Ile karatasi yenye mwandiko wangu pembeni ilikuwa ndani ya mkoba uliokuwa mapajani pake. Najua, kwa sababu asubuhi ile nilimwona akiitia humo. Alikuwa na haki ya kuitoa. Hakugeuka kunitazama.

"Nilitumwa kazi, nikaenda," alisema.

"Waheshimiwa," wakili aliigeukia kamati, "hii si ripoti, hii ni chuki ya nyumbani iliyogongwa muhuri wa serikali. Naomba itupwe, na mwenendo wa mama huyu uchunguzwe."

Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Nilijua kinachotakiwa. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza na nilianza kuuinua. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilianza. Siwezi kuapa kwamba uliachana na meza.

Aliyesimama alikuwa Baba Pacha.

"Wakili, samahani, naomba ukae kidogo."

"Tafadhali, wewe ni mteja wangu, niachie mimi."

"Mteja wako ni kampuni. Mimi ni muuza rangi." Alivua miwani, akaivaa tena. "Waheshimiwa, mama hajakosea hata neno moja. Kile kiti nilikiona siku niliyokwenda kupigwa picha. Sijawahi kukikalia. Cheti nilikikodisha. Kazi ilikuwa imeisha, tulijiandaa kwa mtoto mmoja wakaja wawili, na kila nikifikiria sikumwona mtu ninayemuumiza."

Mwenyekiti aligeuza kurasa. Wakaguzi waliokwenda baada ya ripoti ya Bi Hodi walikuwa wamekuta wateja kumi na mmoja ambao maagizo yao yalitekelezwa siku nyingine na si ile waliyoitaja, mmoja wao mwalimu mstaafu aliyepoteza nusu ya akiba ya kumjengea mkewe. Aliyasoma haya bila kuinua sauti, kisha akauliza, "Na sasa unamwona mtu?"

"Namwona huyo mwalimu," alisema Baba Pacha. "Na namwona mama. Mama ndiye niliyemwona kwanza."

Kamati ilitoka na kurudi baada ya nusu saa. Kampuni isipokee mteja mpya hadi afisa wa kweli aketi pale, na iwafidie wale kumi na mmoja. Jina la Baba Pacha liondolewe katika daftari kwa miaka miwili badala ya mitano, kwa kuwa alikiri. Ndipo mwenyekiti akauliza, kama jambo la kumalizia tu, ni nani aliyempangia mama huyu kazi ya kumkagua mkwewe.

"Ni mimi," nilisema. "Alikataa kwa maandishi, nami nikamtuma."

Nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Lakini nisijipambe. Nilisema wakati ambapo kusema hakukumwokoa tena mtu yeyote, baada ya Bi Hodi kuokolewa na kijana niliyekuwa nimekaa pale kumhukumu. Bi Hodi hajawahi kulitaja jambo hili mbele yangu, na mimi sijapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini mkoba haukufunguka.

Nilipotokea kwenye korido nilimkuta ameketi kwenye benchi la mbao. Baba Pacha alikuwa amesimama hatua tatu mbele yake, hajui kama akae au aendelee kusimama. Binti alikuwa akipanda ngazi akihema. Alikuwa amesubiri nje muda wote.

"Baba, duka umefunga?" Bi Hodi alimuuliza mkwewe.

"Nimefunga, mama."

"Jumanne wateja wa rangi hawaji?"

"Wanakuja, mama."

"Basi kafungue. Watu wapake nyumba zao."

Kijana akacheka, cheko lililokaribia kuwa kitu kingine, akageuza uso. Binti alifika, akasimama kando ya mumewe. Hakusalimu. Alimtazama mama yake kwa muda, jinsi shingo ilivyokonda katika zile wiki sita.

"Na wewe unakwenda wapi?" aliuliza.

"Kazini. Nina mafaili mawili."

"Ukitoka?"

"Nikitoka, nyumbani. Niende wapi tena?"

Binti alikaa kwenye benchi, si karibu sana. Alikuwa bado na hasira, yeyote angeona, na sidhani kwamba hasira ile iliisha siku hiyo wala mwezi huo.

"Ukitoka pitia kwetu," alisema akiitazama sakafu. "Mmoja ameshaanza kutembea. Mwingine anakataa."

Bi Hodi alimgeukia upesi mno kwa mwanamke wa umri wake.

"Yupi? Yupi anayekataa?"

"Mkubwa. Anataka kubebwa tu."

"Mtaambiwa mnamdekeza," alisema Bi Hodi. Kisha akainuka, akaenda kuyamaliza yale mafaili mawili haraka.